Kumbukumbu za Majeruhi: Ushuhuda wa Askari Aliyeteremka Omaha, 1944

Historia za vita aghalabu huandikwa kutoka juu. Jemadari huwa na ramani, karani huwa na orodha ya waliokufa, na mwanahistoria huja baadaye akavisoma vyote viwili mezani. Askari aliyelala kifudifudi mchangani huku damu ikimtoka huona kidogo sana, tena huulizwa habari zake baada ya miaka mingi. Hata hivyo ni yeye aliyekuwapo. Makala haya yanaeleza jinsi ushuhuda wa aina hiyo unavyojengeka na namna unavyoweza kupimwa, kwa kutazama kumbukumbu za askari mmoja wa Kimarekani, Harold Baumgarten, aliyeteremka katika ufuko wa Omaha, Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944.

Baumgarten alizaliwa New York mwaka 1925. Alikuwa Myahudi, na kabla ya safari alichora nyota ya Daudi mgongoni pa koti lake la kijeshi, akaandika na jina la mtaa wake, Bronx, ili Wajerumani wajue wazi ni nani anayewajia. Alikuwa na umri wa miaka 19. Alitumikia katika kombania B ya rejimenti ya 116, divisheni ya 29. Kombania A ya rejimenti hiyohiyo ndiyo iliyotangulia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya njia inayopanda kwenda kijiji cha Vierville, na kwa muda mfupi sana ikawa imekwisha kuvunjika. Vijana wengi wa kombania hiyo walitoka Bedford, mji mdogo wa jimbo la Virginia. Takriban 20 kati yao hawakuiona jioni ya siku ile. Kombania B ilifuata nyuma yao na kukuta maiti zikielea.

Msomaji aliyekulia kando ya ziwa Kivu au Tanganyika anahitaji kuelezwa jambo moja hapa, kwa kuwa maziwa yetu yana mawimbi lakini hayana kupwa na kujaa kwa namna ya bahari. Wenyeji wa pwani ya mashariki wanalo neno bamvua, yaani kipindi ambapo maji hujaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi, wakati wa mwezi mpevu na wa mwezi mwandamo. Juni 6 ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Majemadari walichagua kuteremsha watu maji yakiwa yamekupwa, ili vizuizi vya chuma na magogo yaliyofungwa mabomu vionekane na kuepukwa. Uamuzi huo ulikuwa na akili yake, lakini bei yake ililipwa na askari wa miguu: ilimpasa kuvuka mamia ya mita za mchanga mtupu mbele ya bunduki za rashasha. Kisha maji yakaanza kurudi. Majeruhi asiyeweza kutambaa alifuatwa na bahari pale alipolala, na wengi waliosalimika kwa risasi walikufa maji. Vifaru vilivyotengenezwa ili vielee na kuwakinga askari navyo havikusaidia sana upande wa mashariki wa ufuko, kwani katika vifaru 29 vya kikosi kimoja vilivyoachiliwa mbali na nchi kavu, 27 vilizama.

Katika hali hiyo Baumgarten aliruka kutoka mashua. Anasimulia kwamba mashua iliyokuwa karibu na yao ililipuka, na vipande vya mbao, vya chuma na vya miili vikawanyeshea. Maji yalimfika shingoni. Risasi iliikwaruza kofia yake ya chuma. Nyingine iliipiga bunduki aliyoishika mbele ya kifua, ikazuiwa na vyuma na risasi zilizokuwa ndani yake. Alijificha nyuma ya kizuizi, na hapo kombora likapasuka mbele yake. Shavu lake la kushoto likararuka, taya la juu likavunjika, na meno yakabaki juu ya ulimi. Aliosha uso kwa maji ya bahari, baridi na machafu, kisha akajikokota hadi kwenye ukuta wa mawe uliokuwa mwisho wa ufuko. Kabla ya kuondolewa Normandie alijeruhiwa mara nne zaidi, jumla mara tano, katika muda usiofika siku mbili.

Yafaa kutazama mambo yaliyomo katika simulizi hiyo na yale yasiyokuwamo. Hamna mpango wa vita wala jina la jemadari wa adui. Muda haupimwi kwa saa; hupimwa kwa jeraha. Tukio fulani lilikuwa kabla ya shavu, jingine baada ya mguu. Mahali navyo hupimwa kwa mwili: maji ya shingo, maji ya kiuno, mchanga mkavu. Lakini vitu vidogo vimebaki na ukali wake: tundu katika bunduki, baridi ya maji, sauti ya mwenzake akimwita mama. Mtu anaweza kudhani kwamba masimulizi ya namna hii ni maskini. La, ni finyu tu, na ufinyu huo ndio unaomwezesha mtafiti kuyaamini, maana msimulizi hasemi zaidi ya yale ambayo mtu aliyelala pale angeweza kuyaona.

Kiswahili kina maneno matatu yanayofaa katika mjadala huu. Jeraha ni lile pigo jipya, kidonda ni kile kinachouguzwa, na kovu ni alama inayobaki ngozi ikisha kufunga. Wengi wa askari hawa walisimulia wakiwa na makovu. Baumgarten alisoma akawa daktari, akafanya kazi Florida, na uzeeni ndipo alipojitoa kusimulia hadharani na kuandika. Kitabu chake kimoja kilitoka mwaka 2006, naye alifariki mwaka 2016. Katika maelezo yake daktari na askari wanasikika pamoja. Kijana wa miaka 19 hakujua majina ya mifupa ya uso wake, mzee aliyajua. Hilo si uongo, ila mhariri wa ushuhuda lazima alitambue.

Je, hati za wakati uleule si bora kuliko kumbukumbu za wazee? Si kila mara. Mwanahistoria wa jeshi S. L. A. Marshall aliwakusanya waliosalimika muda mfupi baada ya vita, akawahoji kwa makundi, na mwaka 1960 akachapisha makala yaliyosomwa sana kuhusu asubuhi hiyo ya Omaha. Humo alidai kwamba kapteni wa kombania B, Ettore Zappacosta, alimtolea bastola Mwingereza aliyeshika usukani ili asiogope kusonga mbele. Kisa kilipendeza, kikarudiwa vitabuni, kikiwamo kile cha Stephen Ambrose cha mwaka 1994. Kapteni alikuwa amekufa, hakuweza kusema. Lakini Bob Sales, askari wake wa redio aliyekuwa ndani ya mashua ileile, alikana kabisa kwamba bastola ilitolewa. Heshima ya mabaharia waliosingiziwa woga ilitegemea neno la mzee mmoja dhidi ya kurasa zilizochapishwa. Tangu mwaka 1988 takwimu nyingine za Marshall, zile za askari wasiofyatua bunduki vitani, nazo zimetiliwa shaka kubwa.

Kumbukumbu hukosea hasa inapotoka nje ya mwili na kuanza kuhesabu. Mfano ni Heinrich Severloh, Mjerumani aliyefyatua rashasha upande mwingine wa ufuko huohuo. Alipoeleza alivyoketi, alivyosubiri mashua zifunguke, na jinsi mtutu ulivyopata moto, anasadikika. Alipokadiria kwamba yeye peke yake aliangusha watu zaidi ya 1,000, wanahistoria walitikisa kichwa, kwa sababu hesabu iliyozoeleka ya Wamarekani waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea Omaha nzima siku ile ni kama 2,400. Baada ya vita Severloh alikutana na David Silva, Mmarekani aliyepigwa risasi katika ufuko huo na baadaye akawa padri. Wakawa marafiki.

Mwanafunzi anayerekodi masimulizi ya familia za askari wa Force Publique, waliopigana Tabora mwaka 1916 au Saïo mwaka 1941, atakutana na mambo hayahaya. Anayeanza kwa kuuliza maadui walikuwa wangapi hupewa tarakimu. Anayeuliza babu alikuwa amelala wapi, nani alikuwa kushotoni kwake, na maji ya kunywa yalitoka wapi, hujibiwa polepole, mara nyingi kwa mkono unaoonyesha mahali pa kovu. Na kwa kuwa kinasa sauti hakioni mkono, ishara hiyo haina budi kuandikwa papo hapo.