Pointi Moja Ikigeuka

Tutwae mfano wa darasani. Mwanafunzi amepata 12 kwa hesabu, 9 kwa Kifaransa na 8 kwa historia, kila somo juu ya 20. Jumla ni 29 juu ya 60: hakufika nusu. Halafu mwalimu anasahihisha historia, anaandika 11. Sasa jumla ni 32, amefika! Lakini kama ile 29 imebaki kwenye karatasi ingine, mtoto ataambiwa ameanguka, kumbe amepita.

Kwa kompyuta hatari ni ile ile. Programu iliyoamriwa kujumlisha mara moja haijui kama pointi imegeuka nyuma yake. Mwaka 1997, Conal Elliott na Paul Hudak walionyesha namna ingine. Unaeleza tu kwamba jumla ni pointi zote pamoja. Moja ikigeuka, jumla inageuka yenyewe. Tena kila hesabu, ukiipa namba zile zile, inatoa jibu lile lile, bila kugusa kitu kingine kwa siri.

Mwaka 2012 Evan Czaplicki aliitia njia hiyo katika Elm, lugha ya kutengeneza kurasa za intaneti. Mwaka 2016 Elm iliiacha, ili wanaoanza wajifunze kwa urahisi. Lakini wazo halikufa: mwaka 2023 Angular, chombo cha kazi hiyo hiyo, kilipokea signali zinazofanana nalo.

Basi, kabla ya kuandika programu tujiulize: kitu gani kinategemea kingine?