Namba 4,294,967,297 na Dhana ya Utasa

Katika istilahi za hisabati za Kiswahili, namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa namba tasa. Neno limetolewa katika maisha: tasa ni asiyezaa, na namba hiyo haizai vigawo vingine. Lakini utasa wa namba kubwa hauonekani kwa macho. Mfano mashuhuri ni 4,294,967,297.

Tuanze kwa kuitamka: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Msomaji wa Kongo aliyefunzwa hesabu kwa Kifaransa na atahadhari: bilioni ya Kiswahili ni milioni elfu moja, ambayo Kifaransa huiita «milliard», «billion» ya Kifaransa ni kubwa kuliko hiyo mara elfu.

Namba hii ni 2³² + 1. Mwaka 1640, Pierre de Fermat wa Ufaransa alitazama namba za jamaa moja: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hupatikana kwa kujumlisha 1 na 2¹, 2², 2⁴, 2⁸ na 2¹⁶. Zote tano ni tasa. Akaamini kuwa zinazofuata nazo ni tasa, ingawa hakuwa na uthibitisho. Ya sita ndiyo namba yetu. Mwaka 1732, Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alibainisha kwamba:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

Msomaji aweza kuhakikisha jambo hili kwa kalamu tu. Namba 641 huandikwa kwa njia mbili: 5⁴ + 2⁴, yaani 625 + 16, na 5 × 2⁷ + 1, yaani 640 + 1. Kwa njia ya kwanza, 2⁴ = 641 − 5⁴. Tuzidishe pande zote mbili kwa 2²⁸. Kwa kuwa 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na (5 × 2⁷)⁴, yaani 640⁴, tunapata:

2³² = 641 × 2²⁸ − 640⁴

Tukijumlisha 1 pande zote:

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1)

Sehemu ya kwanza yagawanyika kwa 641. Ya pili pia, kwani 640⁴ − 1 = (640 − 1)(640 + 1)(640² + 1), na 640 + 1 ni 641. Basi tofauti yao nayo yagawanyika.

Hadi leo, katika jamaa hiyo haijapatikana namba tasa nyingine baada ya zile tano, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Funzo hili latuhusu hata sisi wanaisimu. Anayekusanya mtu, mtoto, mgeni, mke na mzee hukuta wingi wa wa- mara tano mfululizo, akadhani amepata kanuni ya kila jina lenye m-. Jina la sita likiwa mti, kanuni huanguka. Mifano huleta dhana. Uthibitisho ni kazi nyingine.