Mikro ya wachimbaji ijaribiwe pia

Tumeona hii kwenye sale za Kisangani, pahali kampuni na wenyeji wanazungumuzia cahier des charges: mikro za wakubwa zinasikika muzuri, ya mama wa kijiji inapiga filimbi. Watu wanacheka, mama anakaa. Na neno lisilosikika haliingii kwa PV. Code minier ya 2018 inatoa angalau 0,3% ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya wenyeji. Basi hapa tunazungumuzia makuta.

Filimbi ile haiko uchawi. Kila mara hesabu ya mikro zilizo wazi inaongezeka mara mbili, fundi anapoteza desibeli 3 hivi mbele bafle ianze kulia. Afunge zile hakuna mutu anasemea. Kuna mikseri otomatiki, kama ile ya Mumarekani Dan Dugan, inayopandisha yenyewe sauti ya anayesema na kushusha zingine. Kama haiko, vidole vya fundi vinatosha, akiangalia vinywa, haiko simu yake. Bafle zikae mbele ya mikro, zielekee watu. Courant ikikatika na kurudi, bafle ziwashwe mwisho.

Sisi wa sindika tunaomba mikro ya wachimbaji ijaribiwe mbele ya mukutano sawa na ya directeur, sauti ya mikseri irekodiwe, na kila upande ubebe kopi yake siku ile ile.