Zahanati iliyokwama ni hatari kwa mama mjamzito

Ukisafiri mashambani hukosi kuona jengo la zahanati lililoachwa nusu: kuta zimesimama, paa hakuna, na nyasi zimemea hadi mlangoni. Wengi huliona kuwa suala la pesa na siasa. Je, umewahi kulifikiria kuwa suala la afya?

Mwaka wa 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba kina mama wengi hufariki wakati wa uzazi kwa sababu ya kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Zahanati iliyokwama huzidisha hatari hizo. Mama anayejua kwamba hospitali iko mbali hukaa nyumbani akitumaini mambo yatakuwa sawa. Akiamua kwenda, huenda ikabidi apelekwe kwa pikipiki usiku. Ikumbukwe kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki katika muda wa saa mbili asipotibiwa.

Hata jengo lililokamilika si dawa. Oksitosini, dawa ya kuzuia kuvuja damu, huhifadhiwa kwenye friji yenye nyuzijoto kati ya 2 na 8. Bila umeme, maji na muuguzi, jengo lililopakwa rangi halimsaidii mama.

Miradi hii hukwama kwa nini? Tangu mwaka wa 2013, zahanati za umma husimamiwa na serikali za kaunti. Pesa zikichelewa na mwaka wa fedha ukiisha Juni 30, mwanakandarasi ambaye hajalipwa huwaondoa mafundi wake. Mvua nayo huharibu kazi iliyokwisha kufanywa, na gharama hupanda.

Ikiwa mkeo au dadako aliye mashambani ni mjamzito, fanya yafuatayo:

1. Uliza kama zahanati ya karibu huhudumia wanaojifungua usiku.

2. Jua mapema ni hospitali gani inayoweza kufanya upasuaji na kumwongeza mgonjwa damu.

3. Weka kando nauli, na mwachie nambari ya simu ya dereva anayeaminika.

4. Ikiwa hospitali iko mbali, mpangie akae kwa jamaa aliye karibu nayo wiki za mwisho.

Kuhusu jengo lenyewe, usinyamaze. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya sheria ya mwaka wa 2016, ofisi ya umma yapaswa kukujibu katika muda wa siku 21. Iandikie kaunti yako uulize: mwanakandarasi amelipwa kiasi gani, kazi itaisha lini, na wauguzi watatoka wapi? Kaunti yaweza kungoja bajeti nyingine, lakini uchungu wa uzazi haungoji.