"Inashughulikiwa" na Nani?

Wapambanaji wenzangu, leo naleta kosa langu mwenyewe. Lilinifanya nirudishe hela ya kilo 20 za dagaa, na nusura nimfukuze binti asiye na kosa.

Mimi nauza dagaa wa ziwani, waliochambuliwa na kufungwa kwenye pakiti. Nanunua Mwaloni pale Kirumba, tunafungasha nyumbani, mzigo wa mikoani unaenda kwa basi kutoka stendi ya Nyegezi. Tuko watatu: mimi, mdogo wangu wa kupeleka mizigo, na binti wa kufungasha. Zamani oda zote zilikuja WhatsApp, zikafukiwa na salamu na "bei gani?" Nikatengeneza fomu ya Google, linki nikaiweka kwenye ukurasa wangu. Mteja anajaza jina, simu, kilo, mkoa na namba ya muamala. Majibu yanaingia yenyewe kwenye jedwali la Google Sheets, na saa aliyotuma inajiandika. Mimi nikaongeza kolamu moja tu, Hali: Mpya, Inashughulikiwa, Imetumwa. Nikajiona nimemaliza kila kitu.

Basi mama mmoja wa Dodoma, ana genge lake, akajaza kilo 20 na kulipa zote. Kilikuwa kipindi cha mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza na taa, mwezi ukiwaka dagaa wanaadimika na bei inapanda, kwa hiyo hela ile alikuwa amejibana kweli. Siku ya nne akapiga.

"Mwanangu, mzigo wangu uko wapi? Wateja wangu wameshahamia kwa jirani."

Nikafungua jedwali. Inashughulikiwa. Roho ikatulia, nikamwambia, "Usijali mama, unashughulikiwa." Namuuliza mdogo wangu, anasema hajapewa mzigo wowote wa Dodoma. Namuuliza binti, anasema alijua ninayo mimi. Nikamfokea mbele ya majirani, nikamwambia achukue vitu vyake aende.

Usiku nikapitia grupu letu la WhatsApp. Binti alikuwa ameuliza siku ileile ya oda: "Dada, hii ya Dodoma nifunge mimi au unayo wewe?" Jibu langu lilikuwa kidole gumba. Basi, hicho tu. Mimi nilimaanisha funga, yeye akaelewa ninayo. Na nani aliandika "Inashughulikiwa"? Mpaka leo sijui, maana wote watatu tulikuwa tunaingia kwa Gmail yangu moja. Historia ya jedwali inaonyesha jina langu kila mahali, hata nisipogusa.

Asubuhi nilimfuata kwao Igoma nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Nilistahili ile aibu. Mama wa Dodoma nikamrudishia hela, hakutaka tena mzigo.

Angalia neno lenyewe: inashughulikiwa. Na nani? Neno halisemi. Fomu inajua nani kaomba, haijui nani atafanya. Hata ukihamia kwenye programu za kupanga kazi, hilo lazima ulipange mwenyewe. Nilijaribu Trello, ambako kadi moja inaweza kuwa na watu kadhaa. Tukajiweka wote watatu kwenye kila kadi, tukarudi palepale. Asana wanaruhusu mhusika mmoja tu kwa kila kazi, na fomu yake unaweza kuipangia mtu wa kupokea moja kwa moja. Mimi nilibaki na jedwali, oda zetu bado zinahesabika.

Mwisho kabisa kulia, baada ya kolamu za fomu, niliongeza kolamu ya Mhusika, yenye orodha ya kuchagua majina yetu matatu. Jina moja tu kwa oda moja. Kisanduku kikiwa kitupu kinakuwa chekundu. Oda yoyote ikibaki nyekundu mpaka saa 2 usiku ni yangu mimi, hakuna mjadala. Neno "Inashughulikiwa" tulilifuta, sasa tunaandika Inafungwa, Iko njiani stendi, Iko kwenye basi.

Ila kilichosaidia kuliko vyote ni namna ya kukabidhiana. Anayetoa mzigo haruhusiwi kufuta jina lake. Anayepokea ndiye anaingia na kuweka lake. Binti akimaliza kufunga, oda inabaki yake mpaka mdogo wangu ajiandike. Basi likiondoka najiandika mimi, na inabaki kwangu mpaka mteja aseme kapokea. Siku za mwanzo mdogo wangu alilalamika, eti kazi imekuwa ya ofisini. Alinyamaza siku mteja aliposema hajapata mzigo wakati yeye ana picha ya risiti ya basi.

Na kila mtu ana Gmail yake. Kwa kompyuta unabonyeza kisanduku kitufe cha kulia cha mausi, unachagua historia ya mabadiliko, unaona nani kabadilisha na lini. Linki ya jedwali usiiache wazi kwa kila mtu, mle mna namba za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu hata sisi wadogo.

Mwezi uliopita yule mama wa Dodoma alijaza fomu tena. Kilo 5, sio 20. Sehemu ya maelezo aliandika: "Safari hii nimtafute nani?" Nikamtumia jina la binti na namba ya duka, nikamwambia huyo ndiye anafunga mzigo wake sasa hivi. Dakika kumi baadaye nikasikia simu ya duka inaita, binti anapokea: "Ndiyo mama, ni mimi."