Daftari la Madeni Huanza Kujaa Januari

Nina duka Newala mjini: unga, mchele, chumvi, sabuni, mafuta ya kupima. Kwenye kaunta nina daftari la madeni. Korosho zikishalipwa, Novemba na Desemba, majina yanakatwa moja baada ya jingine. Januari yanaanza kurudi. Machi ikifika, kifuku kimeshika, mahindi shambani bado machanga, na mimi natafuta daftari jipya.

"Mama, nipimie kilo mbili za unga, nitalipa korosho zikitoka."

Korosho zenyewe zinatoka Oktoba!

Mkopaji huyu si mvivu, na huenda ana mikorosho mingi kuliko yangu. Kinachomponza ni kalenda. Mahindi hushuka bei kuanzia Mei hadi Agosti, mavuno ya hapa yakiwa ndani na malori ya Songea yakiteremka kwa njia ya Tunduru hadi Masasi, kisha kupanda kwetu uwandani. Lakini miezi hiyo mkulima wa korosho anapulizia mikorosho salfa, hauzi kitu. Fedha yake huja minada ikianza, kupitia chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), kilicho chini ya chama kikuu, TANECU huku Newala na Tandahimba, au MAMCU kwa wenzetu wa Masasi. Wakati huo mahindi yameshaanza kupanda, na fedha inagombewa na bati, pikipiki, sare za shule na sherehe. Kwa hiyo tunauza mara moja kwa mwaka, halafu tunanunua chakula kilo kilo, tena kwa bei ya juu kuliko miezi yote.

Hapo ndipo kangomba anapopata mlango. Anakuja wakati mikorosho haijatoa hata maua, anaacha fedha kidogo au debe la mahindi, na msimu ukifika anachukua korosho kwa bei ya kutupa. Biashara hiyo imepigwa marufuku, watu wamekamatwa, na bado ipo, kwa sababu mama mwenye watoto wanaolia Februari hawezi kungoja mnada wa Oktoba. Akiwa na magunia mawili ya mahindi ndani, hana haja na kangomba.

Kutegemea korosho peke yake kulishatupa funzo. Msimu wa 2018 wanunuzi walileta bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, Serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likabeba mzigo. Wako waliolipwa mwaka uliofuata. Korosho ghalani huwezi kuisonga ugali.

Ninachowaambia wateja wangu ni hiki: fedha ya ufuta iwe ya mahindi. Ufuta huvunwa mvua zikiisha na kuuzwa kuanzia Juni, mahindi yakiwa chini. Hakuna zao jingine la biashara hapa linalokutana na chakula rahisi namna hiyo. Asiye na ufuta atenge fungu la fedha ya korosho Desemba, aliweke kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, asiliguse mpaka Juni. Najua ni rahisi kusema. Mbaazi nayo ni zao zuri kwa sababu soko likikataa, sufuria haikatai: mwaka 2017 India ilipobana uingizaji, bei ilianguka vibaya, lakini mbaazi zikaliwa.

Kiasi gani? Nyumba ya watu sita wanaokula ugali mchana na usiku humaliza kama kilo mbili na nusu za unga kwa siku. Gunia la kilo mia halifiki mwezi na nusu. Kutoka Desemba hadi mahindi mapya, weka magunia manne, au pungufu kama una muhogo shambani.

Kununua bila kuhifadhi ni kumlisha dumuzi. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita Skania, alionekana Tabora miaka ya 1970 akaenea nchi nzima. Anatoboa mahindi na makopa vilevile. Dawa ya unga inasaidia, lakini mimi siku hizi napenda mifuko isiyopitisha hewa, yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Unashindilia mahindi, unatoa hewa, unafunga kila nailoni peke yake kwa kuisokota na kuikunja, na wadudu wanakufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Panya akitoboa, kazi imeharibika, kwa hiyo weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kabla ya kufunga, hakikisha mahindi yamekauka. Chukua chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Mahindi mabichi huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Muhogo ndiyo ghala letu la ardhini, ila una mambo yake. Kwanza, ugonjwa wa michirizi kahawia huozesha kiazi ndani huku majani yakikudanganya, kwa hiyo chimba shina moja moja ukague, na watafute wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele kwa mbegu inayostahimili. Pili, muhogo mchungu. Uwandani hatuna mito. Maji ya Mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka bondeni, na kuloweka muhogo siku tatu ili kutoa sumu ni anasa. Tunamenya na kuanika makopa tu. Mwaka wa ukame sumu huzidi, na mwenye njaa hana subira. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, ulionekana mkoani Mtwara na huko Mbinga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kinga yake haihitaji fedha: changanya unga wa muhogo na maji uwe kama uji mzito, utandaze mkekani usizidi unene wa sentimita moja, uache saa mbili juani au tano kivulini, kisha songa siku hiyohiyo. Na usiule bila kunde, mbaazi au dagaa.

Vitu vingine, kama sukari, visikunyime usingizi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam ilikatika Somanga, na watu wakagombania sukari. Mwanzoni mwa mwaka huohuo sukari ilikuwa imeshapaa mpaka ikawekewa bei elekezi. Hakuna aliyekufa kwa chai isiyo na sukari.

Mimi ni mfanyabiashara, njaa yenu inanipa wateja, lakini deni lisilolipika halinifai. Ufuta ukilipwa mwaka huu, nunua mahindi kwanza, ndipo uje dukani kwa chumvi na sabuni. Uje na fedha taslimu.