Barua mbili za kazi: kwa nini laki nne ya kwenye karatasi haifiki laki mbili mkononi

Kijana amemaliza chuo, amerudi nyumbani Bariadi, simu inaita. Kampuni kubwa ya mawasiliano inamtaka Dar es Salaam kwa mshahara wa Sh2,000,000 kwa mwezi. Siku tatu baadaye inaita kampuni nyingine kubwa: kazi ipo Mwanza, mshahara Sh1,600,000.

Nyumbani mjadala unawaka. Mjomba anasema achukue yenye hela ndefu. Mama anataka mwanaye awe karibu. Wadogo zake wanasubiri ada.

Huo ni mfano tu, lakini ni swali linaloweza kumkuta kijana yeyote wa Simiyu aliyesomea kompyuta, mitandao au biashara. Vodacom, Airtel, Halotel na Yas, ambayo zamani iliitwa Tigo, zote zinahitaji watu wa aina hiyo. Nafasi nyingi za juu ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Kabla ya kusaini, kuna mambo matano ya kuangalia.

1. Kinachobaki baada ya makato

Mshahara wa kwenye barua sio unaoingia benki. Mfanyakazi wa sekta binafsi kwa kawaida anakatwa asilimia 10 ya NSSF, kisha kodi ya mapato, na kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kodi inapigwa baada ya kutoa NSSF. Kwa viwango vya Tanzania Bara, sehemu inayozidi Sh1,000,000 kwa mwezi inakatwa asilimia 30. Ikiwa mishahara yote miwili ni ya msingi, bila posho, hesabu inakuwa hivi:

Kazi ya Dar es Salaam, Sh2,000,000
- NSSF: Sh200,000
- Kodi: Sh368,000
- Bodi ya Mikopo: Sh300,000
- Inabaki: Sh1,132,000

Kazi ya Mwanza, Sh1,600,000
- NSSF: Sh160,000
- Kodi: Sh260,000
- Bodi ya Mikopo: Sh240,000
- Inabaki: Sh940,000

Tofauti ya Sh400,000 kwenye karatasi imekuwa Sh192,000 mkononi. Kwa ngazi hii ya mshahara, kila Sh100 inayoongezeka, Sh52 inaenda kwenye makato. Asiyedaiwa na Bodi atabaki na tofauti ya Sh252,000.

Hela hiyo haijapotea yote. Ya NSSF ni akiba yake na mwajiri naye anachangia, na deni la Bodi linaisha mapema zaidi. Ila haiwezi kulipa kodi ya chumba mwezi huu.

2. Gharama ya kuanza

Dar es Salaam, wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingi hadi miezi sita. Chumba cha Sh150,000 kwa mwezi kinaweza kudai Sh900,000 kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Hapo bado godoro, jiko na nauli ya kila siku.

Mwanza nako kuna kodi, lakini kutoka huko hadi Bariadi kupitia Lamadi ni safari ya saa chache kwa basi. Msiba ukitokea au mzazi akiugua, anaenda na kurudi bila kuvuruga mwezi mzima.

Swali la kuuliza kampuni zote mbili: je, kuna hela ya kuhamia na malazi ya siku za mwanzo? Na bima ya afya inamhusu mfanyakazi peke yake, au na wazazi wake pia?

3. Nani hasa ni mwajiri

Sio kila anayevaa fulana ya kampuni ya simu ameajiriwa na kampuni hiyo. Baadhi ya kazi, hasa za huduma kwa wateja na mauzo, hupitia kampuni ya kati. Jina la mwajiri kwenye mkataba ndilo la kuangalia, sio nembo iliyo juu ya tangazo.

Aangalie pia muda wa mkataba. Wa muda maalumu unaisha wenyewe siku ikifika. Usio na kikomo unaendelea mpaka mmoja autengue kwa kufuata sheria. Sh1,600,000 isiyo na kikomo inaweza kuwa na thamani kuliko Sh2,000,000 ya mwaka mmoja.

Aidha, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Ndiyo maana anayeacha kazi ya zamani kwa ajili ya kazi mpya anatakiwa awe na uhakika.

4. Mstari ambao wengi wanauruka

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka maelezo ya maandishi ya ajira yaonyeshe mahali mfanyakazi alipoajiriwa na mahali atakapofanyia kazi. Ni vitu viwili tofauti.

Kwa mtu wa Bariadi, hapo pana hela. Mkataba ukivunjwa mahali ambapo sipo alipoajiriwa, mwajiri anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake kumrudisha, au kulipia usafiri huo. Anatakiwa pia kumlipa hela ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa.

Sasa kama usaili ulifanyika Dar es Salaam na mkataba ukaandika kwamba aliajiriwa Dar es Salaam, kudai usafiri wa kurudi Bariadi kutakuwa kugumu. Kama alitafutwa akiwa nyumbani, aombe iandikwe Bariadi kabla ya kusaini. Mgogoro ukitokea baadaye, unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na karatasi itakayosomwa kwanza ni hiyo.

5. Kazi itamfikisha wapi

Ukubwa wa kampuni hauzuii mabadiliko. Tigo iliuzwa na Millicom mwaka 2022, na Novemba 2024 jina likabadilika kuwa Yas. Mfanyakazi anayeingia leo anaweza kujikuta chini ya mmiliki mwingine kesho, kwa hiyo ujuzi anaoupata una uzito kama mshahara.

Vodacom iko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2017, hivyo taarifa zake za fedha zinasomwa na yeyote. Kwa kampuni isiyo sokoni, njia nzuri ni kuongea na watu wawili watatu wanaofanya kazi humo, katika kitengo kilekile.

Kama kazi ya Dar es Salaam ni ya kujenga mifumo pamoja na wazoefu, na ile ya Mwanza ni kusimamia mauzo tu, kijana wa programu anaweza kwenda Dar hata kama mwaka wa kwanza utambana. Kama kazi ni ileile, Mwanza inaweza kumbakizia zaidi.

Namna ya kujibu

Kuomba siku chache za kufikiri sio dharau. Aombe kwa maandishi na ataje siku atakayojibu. Kama tayari ana kazi, asiandike barua ya kuacha mpaka mkataba mpya uwe umesainiwa na pande zote mbili. Anayelipwa kwa mwezi kwa kawaida anatoa taarifa ya siku zisizopungua 28.

Na ile kampuni atakayoikataa, aiandikie kwa heshima na mapema. Sekta hii ni ndogo, na anayepokea jibu leo anaweza kuwa bosi wake miaka mitatu ijayo.